Kuunda vipande vya hot rod kwa mkono: dalili, chanzo na tiba

Hot rod ni gari la zamani lililovuliwa kila kisicho cha lazima, likashushwa chini na kupewa injini yenye nguvu zaidi, na kazi nyingi ikafanywa na mwenye gari mwenyewe. Mtindo huu ulizaliwa kusini mwa California. Vijana walichukua Ford kuukuu, hasa ya 1932 iliyokuja na injini ya V8 (silinda nane) ya nguvu farasi 65, wakaing'oa madigadi na kwenda kushindana kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage. Chama chao cha kupima kasi, SCTA (Southern California Timing Association), kiliundwa mwaka 1937. Wengi walikuwa na jiriwa, msumeno wa chuma, tupa, nyundo na mitungi ya gesi ya kuchomelea, basi. Ndiyo maana fundi wa huku anayefufua pikapu ya Peugeot 504 au Datsun 1200 uani kwake atayatambua matatizo haya mara moja. Chuma ni kilekile.

Nimeyapanga kwa dalili, jinsi watu wanavyoniuliza. Utakachoona ni kwamba kosa hujitokeza kwenye mshono wa kuchomelea, lakini mara nyingi limezaliwa hatua mbili nyuma, kwenye kuchora, kukata au kusafisha. Kwa hiyo anza na macho, rula na vidole kabla hujagusa swichi ya mashine.

Vipande vya kuacha kabisa

Usukani na viungo vyake, pedali ya breki, mikono ya sospensheni, ekseli, na mahali mkanda wa kiti unapofungwa: hivi usivichomelee nyumbani. Vikiachia barabarani hakuna nafasi ya pili, na anayeumia anaweza kuwa mtu anayevuka barabara zake. Anza na breketi ya taa, kitako cha betri, vifuniko, kiraka cha sakafu. Maunting za injini, yaani vishikizo vyake kwenye chasisi, ziko katikati: zikate, zikunje, zishikize kwa nukta (michomo mifupi ya kushikilia tu), kisha umpelekee fundi mwenye cheti amalizie mshono.

Tangi la petroli usiliguse kwa moto wala kwa grenda, hata likiwa limekauka miaka mitano. Mvuke uliojificha kwenye mikunjo yake unatosha kulilipua. Na kabla ya kuchomelea chochote juu ya gari, fungua nyaya zote mbili za betri, chomoa soketi ya alteneta, kisha funga klampu ya ethi (kibanio cha waya unaorudisha umeme kwenye mashine) karibu kabisa na unapochomelea. Ukiifunga mbali, umeme utatafuta njia ya kurudi, na njia hiyo inaweza kupita kwenye beringi ukaziharibu bila kujua.

Dalili: kipande kinakataa kukaa, matundu hayakutani

Chanzo cha kwanza ni chaki. Mstari wa chaki una unene wa mili (milimita) 2 au 3, na kila mtu anakata upande wake. Paka wino wa kalamu nene mahali pa kuchora, kisha chora kwa msumari mgumu uliochongwa ncha kali, ukiegemea rula ya chuma. Mstari ukiwa mwembamba kama unywele, hutabishana nao.

Cha pili ni mkunjo, na hapa ndipo chuma kingi kinapotupwa. Tuseme unataka breketi ya pembe ya flatiba (ukanda bapa wa chuma) ya mili 3, mkono mmoja 60 na mwingine 40, kwa vipimo vya nje. Ukikata mili 100, ukikunja utakuta mikono hiyo imezidi kwa kama mili 5. Flatiba haikuongezeka. Ni kwamba kwenye kona chuma kimekata njia kwa ndani, wakati wewe umepima mpaka kwenye ncha ya nje. Kwa mkunjo wa nyuzi 90, punguza kama mara moja na nusu hadi mara mbili ya unene. Kwa mili 3, kata 95.

Usiniamini mimi, iamini jiriwa yako. Kata ukanda wa mili 100 kamili kutoka kwenye chuma kilekile utakachotumia, ukunje kwa namna yako ya kila siku, kisha pima mikono yote miwili kwa nje na uijumlishe. Kilichozidi juu ya 100 ndicho kipunguzo chako. Kiandike ukutani juu ya meza. Mimi ninazo namba tatu pale kwangu, ya mili 2, ya 3 na ya 5, na tangu siku hizo sijakata breketi moja mara mbili.

Cha tatu, chuma hurudi. Ukikikunja hadi 90 na kukiachia, kinafunguka digrii 2 au 3. Kipitishe kidogo, kisha kipime kikiwa nje ya jiriwa.

Cha nne ni kigezo. Boksi nene la katoni lina unene wake unaokudanganya kwenye kona. Tumia karatasi ngumu ya boksi la viatu. Jaribu kigezo kwenye gari likiwa na vitu vyake vyote, pamoja na bomba la ekzosi, maana injini hutikisika na kulala upande unapokanyaga mafuta.

Kuhusu matundu, usitoboe yote mezani. Toboa moja, funga bolti, kisha chora mengine ukiwa umekishikilia kipande palepale kitakapokaa.

Yote yakiwa sawa na bado kipande hakikai, acha kukilaumu kipande, lipime gari. Chagua nukta mbili za kulia na mbili za kushoto zinazolingana kwenye chasisi, vuta tepu kwa mshazari pande zote mbili. Zikipishana zaidi ya mili 5 hivi, chasisi yenyewe imepinda. Simama hapo. Kunyoosha chasisi ni kazi ya karakana yenye mashine ya kuvuta, na breketi yoyote utakayolazimisha itakuwa imefungwa juu ya kosa.

Dalili: bati limejikunja, au linadunda ukilibonyeza

Hii ndiyo inayowavunja moyo wengi. Umekata kiraka kizuri, umechomelea, umesaga, halafu ukiweka kidole gumba katikati bati linaingia ndani na kutoka, ta-ta, kama mfuniko wa debe.

Uelewe kinachotokea ndipo utajua pa kupiga. Kipande cha chuma cha urefu wa mili 300 kikipandishwa joto nyuzi 500 kinataka kurefuka karibu mili 1.8. Lakini bati linalokizunguka ni baridi, halikiruhusu. Kwa kuwa kimelainika, kinajibana na kuwa kinene badala ya kurefuka. Kikipoa kinasinyaa kutokea hapo, na sasa ni kifupi kuliko kilivyoanza. Mshono umekuwa kamba iliyokaza, bati la kando halina pa kwenda, linainuka.

Vyanzo, kuanzia cha kawaida zaidi: mshono mrefu uliopigwa kwa mkupuo mmoja, nafasi pana kati ya kiraka na bati, inayodai chuma kingi cha kujazia, kiraka chenye kona kali badala ya mviringo, na jiwe la grenda. Hili la mwisho watu hulisahau. Unaweza kushikiza vizuri, ukapoza vizuri, halafu ukaharibu kila kitu kwa kung'ang'ania kusaga mahali pamoja mpaka bati likawa la buluu. Joto ni joto, liwe la umeme au la jiwe.

Anza kwa kuweka rula ya chuma kwa ukingo juu ya mshono. Mshono ukiwa kwenye bonde, umesinyaa. Dawa yake ni nyundo: egemeza chuma kizito kilicholainishwa uso kwa nyuma, piga juu ya mshono na vidole viwili kando yake tu, mapigo mepesi mengi. Kupiga kunatanua kile ambacho moto ulikisinyaza. Kila baada ya mapigo kumi weka rula tena. Usipige katikati ya bati, huko hakuna kosa.

Rula ikionyesha mlima katikati, na bati linadunda, basi limetanuka kupita kiasi, aghalabu kwa nyundo ya jana. Hapo unalisinyaza kwa moto. Pasha duara dogo, upana wa ukucha wa kidole gumba, kwenye kilele cha mlima mpaka liwe jekundu. Gonga taratibu kulizunguka, kisha bandika kitambaa kibichi. Duara moja, subiri lipoe, pima. Mafundi wanaoharibu hapa ni wale wanaopiga madoa matano kwa pamoja. Kabla ya moto wowote chungulia nyuma ya bati: zulia, lami ya kuzuia kelele na nyaya hushika moto usiouona. Weka ndoo ya mchanga au kizima moto karibu, na mtu wa pili. Kama ni gari la kisasa na hujui bati lake ni chuma cha aina gani, njia ya kusinyaza kwa moto usiitumie. Mabati magumu ya siku hizi hupoteza nguvu yakipashwa.

Safari ijayo, shikiza kwa nukta kila mili 25 hadi 30, ukiruka: juu, chini, kushoto, kulia. Ukimaliza mzunguko gusa bati. Likikuchoma, ngoja. Kiraka cha miguu ya dereva kwenye 504 yangu kilinichukua alasiri nzima kwa mtindo huu, na kimelala kama kilitoka kiwandani. Cha upande wa abiria nilikifanya kwa saa moja, nikakinyoosha siku mbili.

Dalili: moto unatoboa bati

Kwanza chukua bisibisi, uchokoe ukingo wa bati la gari. Likitoboka kwa mkono, shida yako ni kutu, na hakuna mpangilio wa mashine utakaolisaidia. Kata tena mpaka ufike kwenye chuma king'avu chenye unene kamili. Baada ya hapo angalia nafasi: kwa bati la mili 1, kiraka na bati vikaribie kugusana. Kisha ndipo uangalie mashine.

Kwa elektrodi (fimbo ya kuchomelea), tumia ya mili 2 kwenye ampea 40 hadi 50, nukta fupifupi. Naomba niseme wazi: bati lililo chini ya mili 1.2 kwa elektrodi ni mateso. Bodi za magari ya zamani zilikuwa nene, geji 18 hadi 20, yaani kama mili 1.2 hadi 0.9, na hata hizo ni za kubahatisha. Azima au kodisha mashine ya MIG, inayosukuma waya yenyewe badala ya fimbo, yenye waya wa mili 0.6 na gesi ya kukinga mshono. Ukitumia waya wenye unga ndani, usiohitaji gesi, kagua ncha za nyaya ndani ya mashine: waya huo karibu kila mara hutaka bunduki iwe kwenye hasi, wakati waya wa gesi unataka chanya. Mashine nyingi zinauzwa zimefungwa kwa namna moja na mnunuzi hasomi. Dalili yake ni cheche nyingi zinazoganda kila mahali na mshono wenye vinundu.

Tundu likishatokea, ponda kipande cha bomba la shaba kiwe bapa, kibane nyuma yake, kisha jaza kutoka ukingoni kwenda katikati. Chuma hakishiki kwenye shaba, na shaba inafyonza joto.

Dalili: mshono una vitundu kama mkate

Karibu kila mara ni uchafu: rangi, mafuta, kutu, praima. Safisha mpaka king'ae, mili 20 kila upande, na nyuma pia. Kisha upepo, kwa wenye gesi. Uani kuna upepo hata usipouhisi; simamisha ubao, usikimbilie kufungulia gesi zaidi, maana lita 8 hadi 12 kwa dakika zinatosha. Kisha unyevu kwenye elektrodi, hasa pwani. Elektrodi zilizokaa wazi msimu wa masika hutoa mlio wa kuchakacha na cheche za ovyo.

Sehemu hii ina hatari mbili za kweli.

Ya kwanza ni dawa ya kusafishia breki. Baadhi zina klorini, na mvuke wake ukikutana na mwanga wa kuchomelea hugeuka fosijeni, gesi inayoua mapafu. Usisafishie chuma cha kuchomelea kwa dawa hiyo. Tumia asetoni, acha ikauke kabisa, ondoa chupa na vitambaa.

Ya pili ni zinki. Bati la mabati na mabomba ya maji yamepakwa zinki, inayochemka kwenye nyuzi 907, wakati chuma huyeyuka karibu na 1,500. Kwa hiyo zinki hugeuka moshi mweupe kabla chuma hakijashikana. Ukiuvuta, saa kadhaa baadaye unapata homa, kutetemeka na kuumwa viungo, na wengi hudhani ni malaria. Kunywa maziwa, kama mafundi wanavyoshauriana, hakuondoi moshi mapafuni. Saga zinki yote ukiwa umevaa kinga ya pua, na uchomelee mahali penye hewa. Pumzi ikibana au kifua kikiuma, nenda hospitali na umwambie daktari ulichokuwa unachomelea.

Dalili: mshono ni mzuri kwa macho lakini unaachia

Mshono umelala juu ya chuma bila kuingia. Mkaguzi wake ni nyundo. Chomelea vipande viwili vya mabaki kwa umbo la T, upande mmoja tu, bana kwenye jiriwa, piga kutoka upande usio na mshono mpaka kipande kilichosimama kiulalie mshono. Mshono ukibanduka na kuacha uso laini wa chuma, haukushika. Ongeza ampea, kwa sahani ya mili 3 na elektrodi ya mili 2.5 anza na 70 hadi 85. Tembea polepole. Unapounganisha chembamba na kinene, elekeza moto kwenye kinene. Ondoa pia lile gamba la kijivu la kiwandani. Na ukague klampu ya ethi: ikiwa imeshika juu ya rangi au imepata moto, umeme wako unapotelea hapo.

Fanya jaribio hili kila siku kabla ya kugusa gari. Likikataa mara tatu, kipande chenye kubeba uzito mpe mwingine.

Dalili: ufa

Ufa kwenye mkunjo una sababu nyepesi. Umekunja kwenye ukingo mkali wa jiriwa, wakati mviringo wa ndani ulipaswa kuwa angalau sawa na unene wa chuma. Au umechora mstari mzito upande wa nje, na chuma kikapasukia hapo. Au ukingo uliokatwa una meno. Yasugue kwa tupa kabla ya kukunja. Ikibidi kupasha, kikunje kikiwa chekundu, na uache kupiga kikishaingia giza. Chuma laini kikiwa kwenye joto la buluu huvunjika kwa urahisi kuliko kikiwa baridi. Usikitie kwenye maji.

Ufa kando ya mshono ni jambo zito. Uliza kwanza: hiki ni chuma gani? Tunapenda kutumia jani la springi kwa kuwa ni imara na la bure. Lakini lina kaboni nyingi, na likichomelewa baridi, ukanda wa kando ya mshono hugeuka mgumu na kukatika kama kioo. Nondo nayo usiiamini bila kuijua. Ijaribu kwa tupa: ikiteleza bila kuuma, ni kigumu. Iguse kwenye jiwe la grenda: chuma laini hutoa mistari mirefu ya njano yenye maua machache, chenye kaboni nyingi hupasua maua mengi. Kwa breketi, nunua flatiba au sahani ya chuma laini. Bolti ngumu, zile zenye alama ya daraja 8.8 kichwani, nazo usizichomelee, joto linaondoa ugumu wake.

Breketi yangu ya kwanza ya injini ilikatika baada ya miezi miwili. Chuma kilikuwa kizuri na mshono pia. Niliishika mkononi, nikaona ufa umeanzia mwisho wa mshono, pale nilipoacha kishimo wakati wa kuzima moto, kwenye ukingo wa pembe. Injini ilikuwa inaitikisa mara maelfu kila safari, na kishimo kile kikawa mlango. Sasa mshono wangu hauishii ukingoni. Naurudisha nyuma kidogo, najaza kishimo, na naweka kiungo cha pembetatu kinachoishia kwa mteremko.

Kutafuta ufa usioonekana, paka mafuta ya taa, subiri dakika kumi, pangusa kabisa, kisha paka unga wa chaki. Mafuta yaliyoingia ndani yatachora mstari. Ukiupata kwenye breketi ndogo, toboa tundu la mili 3 kwenye ncha ya ufa, chimba ufa kwa grenda, safisha mafuta yote, ndipo uchomelee. Ukiupata kwenye chasisi, usichomelee. Kiraka kinachokata reli ya chasisi moja kwa moja huhamisha ufa pembeni mwake tu. Gari lisitembee mpaka mtaalamu alione.

Dalili: drili inalia bila kukata, jiwe la grenda linapasuka

Drili inayolia inazunguka haraka mno bila kusukumwa. Kwa chuma laini, tundu la mili 10 linataka mizunguko kama 800 kwa dakika. Piga sentapanchi (patasi yenye ncha ya kutia kidoti), anza na mili 3, tia mafuta. Bana kipande, bati lililoshikwa kwa mkono hugeuka panga drili inapotokea upande wa pili.

Jiwe hupasuka kwa sababu limepindishwa ndani ya mkato, au limepita tarehe iliyochapwa kwenye pete yake ya katikati, au halikuumbwa kwa kasi ile. Jiwe la mili 230 lina mwisho wa mizunguko kama 6,650 kwa dakika, wakati grenda ndogo inafika 11,000. Kuondoa kinga ili jiwe kubwa lienee ni kujiua. Kinga ikivunjika, kazi imesimama mpaka ipatikane nyingine.

Dalili: mashine haina nguvu, au inakupiga shoti

Nguvu ikipungua, kagua kebo ya kuongezea urefu. Iwe ya mili 2.5 za mraba au zaidi, na uifungue yote kutoka kwenye gurudumu lake, maana ikibaki imejiviringa hupata moto na kuyeyuka. Jioni, mtaa mzima ukiwasha taa na pasi, volti hushuka na mshono unalala, chomelea asubuhi.

Shoti haina uchunguzi wa nyumbani. Mashine iliyokupiga hata mara moja, hata kidogo, ichomoe kwenye soketi, usiifungue, na umwite fundi umeme aikague pamoja na waya wa ethi wa nyumba nzima.